Kati ya Kuvunja Ungo na Ndoa: Nani Anaamua Mwisho wa Usichana?

Mabishano mengi kuhusu wasichana yanayosikika leo Tanzania na Kenya, yawe ya umri wa kuolewa, ya mwanafunzi aliyepata mimba, ya unyago wakati wa likizo au ya taulo za kike shuleni, yanahusu kipindi kimoja cha maisha ambacho kwa bibi zetu wengi kilikuwa kifupi sana: kile kinachoanza siku binti anapovunja ungo na kuisha siku anapoolewa. Zamani kipindi hicho kilikuwa cha miezi, au cha mwaka mmoja au miwili, na kila jamii ilijua ni nani anayekisimamia. Leo kinaweza kufika miaka 10 na kupita, na wanaodai mamlaka juu yake ni wengi: wazazi, kungwi, mwalimu, sheikh, mchungaji, hakimu, hata mwajiri. Tukiyachukua mabishano hayo kuwa ni ya nani atawale kipindi hicho, mengi yanayopewa jina la vita kati ya mila na maendeleo yanafumbuka na kueleweka.

Tuanze na mwili, kwa kuwa wazee nao walianzia hapo. Pwani, mtoto wa kike ambaye bado hajavunja ungo ni kigori. Alitumwa dukani, alicheza uwanjani, na hakuna aliyemhesabia maneno yake wala nguo zake kwa ukali. Damu ya kwanza ilibadilisha hali hiyo kwa siku moja. Lakini umri wa tukio hilo haukuwa mmoja wakati wote wala mahali pote, kwa sababu lishe, maradhi na kazi nzito huweza kuuchelewesha. Takwimu za nchi za kaskazini mwa Ulaya zinaonyesha kwamba katikati ya karne ya 19 wasichana wengi huko walivunja ungo wakiwa na miaka 16 au 17, ilhali leo wastani ni kama miaka 13. Hakuna sababu ya kudhani kwamba miili ya watoto wetu haiguswi na chakula kwa namna hiyo hiyo. Anayesema kwamba zamani binti aliolewa mara tu alipovunja ungo, na kwamba kwa hiyo hata sasa iwe hivyo, hana budi kukumbuka kwamba bibi huyo huenda alikuwa na miaka 16 au zaidi, wakati mjukuu wake anaweza kuvunja ungo akiwa bado darasa la tano. Kipimo kimebaki kile kile, lakini mtu anayepimwa si wa umri ule ule.

Hata hivyo, mwili peke yake haukumfanya mtoto kuwa mwanamke. Kwa Wazaramo, watu wa Pwani na viunga vya Dar es Salaam, binti aliyevunja ungo alikuwa mwali na aliwekwa ndani. Kukaa ndani huko kulidumu miezi mingi, na katika vizazi vya nyuma kuliweza kupita mwaka. Mwali hakuonwa na wanaume, hakufanya kazi za juani, alilishwa vizuri, na alifundwa na wanawake waliokabidhiwa jukumu hilo. Alikuwa na mwana hiti, kisanamu cha mti kisicho na mikono wala miguu, chenye kichwa kilichochongwa kama chenye mashungi ya nywele, ambacho alikipaka mafuta na kukitunza kama mtoto mchanga. Palikuwa na ngoma chini ya mti wa mkole, palikuwa na nyimbo ambazo maana yake ya ndani haikutolewa kwa asiyechezwa, na mwishoni palikuwa na siku ya kumtoa mwali mbele ya watu, akiwa amepambwa, huku mara nyingi mchumba akiwa ameshajulikana. Mtafiti wa Kifini Marja-Liisa Swantz, aliyeishi katika kijiji cha Bunju miaka ya 1960, aliandika kwa kina juu ya mambo haya, na maandishi yake yana thamani kwa sababu aliyaona wakati ambapo bado yalikuwa hai lakini tayari yameanza kufupishwa.

Mambo mawili katika utaratibu huo yanastahili kutazamwa kwa makini. La kwanza ni kwamba aliyemfunda binti kwa kawaida hakuwa mama yake mzazi. Katika jamii nyingi za unyago, mambo ya hedhi, unyumba na uzazi yaliachiwa somo au kungwi, kwa sababu mama na binti waliwekeana staha isiyoruhusu mazungumzo hayo. Anayemlaumu mama wa leo kwamba hazungumzi na bintiye anamdai kazi ambayo katika mila yake haikuwa yake kamwe, na ambayo aliyekuwa nayo ameondoka. La pili ni kwamba hapakuwa na namba. Hakuna aliyeuliza mwali ana miaka mingapi. Umri kwa tarakimu uliletwa na daftari la shule, kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa, na mahali ambapo vyeti ni vichache, hakimu anayetakiwa kuamua kama binti ametimiza miaka 18 bado hutegemea maneno ya wazazi, kadi ya chanjo au makadirio ya daktari.

Tusiwaze pia kwamba usichana wa zamani ulikuwa wa aina moja. Katika miji ya pwani ya karne ya 19, Lamu, Mombasa, Unguja na kwingineko, binti wa kiungwana alipovunja ungo alifichwa ndani, na kufichwa huko kulikuwa dalili ya daraja la ukoo wake. Binti mtumwa hakufichwa. Alichota maji, alilima mashamba ya karafuu, alibeba mizigo mjini, na kupevuka kwake kulimweka katika hatari ya kuchukuliwa kuwa suria bila kuulizwa. Unguja, utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, lakini masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Wanawake waliotoka utumwani walipoanza kuvaa buibui na kuwaweka mabinti zao ndani, walikuwa wakidai heshima ambayo mama zao walinyimwa. Ndiyo maana ni kosa kuliona vazi hilo, au desturi ya kukaa ndani, kuwa ni kifungo na basi. Kwa familia nyingi ilikuwa mara ya kwanza kupata uwezo wa kumlinda binti yao. Na makungwi wengi wa mijini walitokana na watu waliofikishwa pwani kutoka bara, Wayao na Wanyasa miongoni mwao, ambao ngoma zao zilianza kama mambo ya watumwa na baadaye zikaingia katika nyumba za waliokuwa mabwana. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013 na ambaye wengi wanamjua kwa taarab, alikuwa pia kungwi na mpigaji wa ngoma ya unyago.

Elimu nayo ilikuwa na tofauti zake. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapwa Berlin mwaka 1886 kwamba wasichana wa jumba la kifalme walifundishwa kusoma Kurani lakini hawakufundishwa kuandika, na kwamba yeye alijifunza kwa siri kwa kunakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Wakati huo huo, upande wa kaskazini, katika visiwa vya Lamu, Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa wasia, karibu mwaka 1858, kwa ufundi unaoonyesha kwamba kwa wanawake wa visiwa vile kalamu haikuwa kitu kigeni. Wasia ule huchukuliwa mara nyingi kama ushahidi kwamba binti wa Kiswahili alifundishwa utii tu. Mimi nauona pia kuwa ni ushahidi wa jambo jingine: mama mgonjwa aliyejua kwamba mafundisho ya mdomo yanaweza kupotea, akaamua kuyaweka katika beti ambazo binti angeweza kuzihifadhi.

Shule ya kisasa iliingia katika mazingira haya kwa mlango wa pembeni. Miongoni mwa wasichana wa kwanza kukaa bwenini Unguja walikuwa mateka waliookolewa baharini kutoka majahazi ya watumwa, ambao wamisionari wa Kianglikana waliwalea Mbweni kuanzia miaka ya 1870. Baadhi yao walifundishwa kuwa walimu, wengine walielekezwa kwenye kazi za mikono. Familia za Kiislamu za mjini hazikuwa na sababu ya kuipenda shule ya namna hiyo. Serikali ya kikoloni ilifungua shule ya wasichana Unguja mwaka 1927, na Tanganyika ikapata shule ya serikali ya wasichana Tabora mwaka 1928, miaka mingi baada ya wavulana kuanza kusoma. Ili wazazi wakubali, ilibidi shule iwahakikishie mambo ambayo kukaa ndani kuliwahakikishia: kwamba binti hataonwa ovyo, kwamba dini yake haitaguswa, kwamba atatoka akiwa anajua kupika, kushona na kutunza nyumba. Shule ya bweni yenye uzio, matroni na ratiba ikachukua nafasi ya chumba cha mwali, na hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika historia hii. Kwa mara ya kwanza palikuwa na mahali panapokubalika ambapo msichana aliyekwisha vunja ungo angeweza kukaa miaka kadhaa bila kuolewa na bila kudharauliwa.

Kwa muda mrefu nafasi hiyo ilikuwa ya wachache. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Tanzania iliamua kwamba kila mtoto aingie shule ya msingi, na mpango wa Elimu kwa Wote, uliojulikana zaidi kama UPE, ukafikia kilele chake mwaka 1977. Mtoto aliingia darasa la kwanza akiwa na miaka 7 na kumaliza la saba akiwa na miaka 14 hivi. Sekondari zilikuwa chache mno, kwa hiyo kwa wasichana walio wengi cheti cha darasa la saba kilikuwa mwisho wa kusoma, na swali lililofuata nyumbani lilikuwa la ndoa.

Hapa ndipo inapofaa kuitazama Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo leo inatajwa zaidi kwa lawama. Kifungu chake cha 13 kiliweka umri wa chini wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mwanamume na wa kuolewa kuwa miaka 15 kwa mwanamke, na kikaipa mahakama uwezo wa kuruhusu ndoa ya mwenye miaka 14 kwa sababu maalumu; kifungu cha 17 kikamtaka msichana wa chini ya miaka 18 awe na ridhaa ya baba, au ya mama kama baba amefariki, au ya mlezi. Sheria hiyo ilitokana na waraka wa serikali wa mwaka 1969, ambao wenyewe ulichota mengi kutoka mapendekezo ya tume iliyofanya kazi Kenya katika miaka iliyotangulia, na inashangaza kwamba Bunge la Kenya liliyakataa mapendekezo hayo huku jirani yake akiyafanya sheria. Kwa wakati wake ilikuwa hatua ya mbele: ilidai ridhaa ya hiari ya wote wawili, ikaleta uandikishaji, ikaziweka ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za kimila na za kiserikali chini ya paa moja. Wala Waingereza waliotawala kabla yake hawakuwa na haki ya kujivuna, kwani hadi mwaka 1929 sheria ya kwao iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 12, na umri wa 16 waliouweka mwaka huo ulidumu Uingereza na Wales hadi mwaka 2023 walipoupandisha kuwa 18. Miaka 15 iliyochaguliwa Dar es Salaam mwaka 1971 haikuwa mbali na mwisho wa darasa la saba, na kwa maoni yangu sheria ile iliuchukua usichana wa wakati wake kama ulivyokuwa, ikauwekea namba.

Tatizo ni kwamba mambo mengine yalisonga na namba hiyo ikabaki. Ada za shule za msingi zilifutwa mwaka 2001, sekondari za kata zikaenea, na kuanzia mwaka 2016 elimu ya serikali ikawa bila ada hadi kidato cha nne. Mwaka 1998 Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ilisema kwamba kufanya tendo la ndoa na msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji hata kama ameridhia, lakini ikatoa msamaha kwa mume ikiwa mke ametimiza miaka 15 na hawajatengana. Mwaka 2009 Sheria ya Mtoto ilitamka kwamba mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari akawekewa kifungo cha miaka 30.

Ziweke sheria hizo pamoja, kisha uwatazame mabinti wawili wa Tanzania Bara, wote wana miaka 16, wanatoka mtaa mmoja. Mmoja yuko kidato cha pili. Mwanamume akimposa na kumuoa anaweza kumaliza ujana wake gerezani. Mwingine alifeli mtihani wa darasa la saba na yuko nyumbani. Kwa mujibu wa vifungu vya mwaka 1971, baba yake akiridhia na yeye akikubali, anaweza kuolewa, na tendo ambalo lingekuwa ubakaji Jumatano linakuwa halali Ijumaa baada ya nikahi. Hawatofautiani kwa umri, kwa mwili wala kwa akili. Kinachowatofautisha ni jina kuwemo katika daftari la mahudhurio. Bila kukusudia, sheria zetu ziliifanya shule kuwa ndiyo mamlaka inayosema nani bado ni msichana, na waliobaki nje ya shule, ambao ndio maskini zaidi, ndio waliopata ulinzi mdogo zaidi.

Zanzibar ina hali nyingine, kwa kuwa ndoa si jambo la Muungano na Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki huko. Ndoa za Waislamu hufuata fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, na migogoro yake huenda mahakama ya kadhi.

Kesi iliyoyaleta mambo haya mbele ya majaji ilifunguliwa na Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume cha Katiba kwa kumbagua msichana, na ikaipa serikali mwaka mmoja wa kuvirekebisha. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikata rufaa, na mwezi Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mwaka mmoja uliotolewa mara ya kwanza ulipita, na ulipita mwingine baada ya rufaa, bila Bunge kubadili umri huo.

Kuchelewa huko kuna sababu, na haitoshi kusema kwamba wanaopinga hawana huruma. Wapo wanaosema kwamba katika dini yao baleghe ndiyo mpaka, na kwamba serikali haina uwezo wa kuharamisha kilichohalalishwa. Wapo wazazi, Waislamu kwa Wakristo, wanaoogopa kwamba binti aliyekwisha pevuka na ambaye hana shule wala kazi ataishia kuzaa nyumbani bila baba wa mtoto, na ndoa kwao ni kinga. Hofu hiyo ni ya kweli, na imejengwa juu ya mambo wanayoyaona mtaani kila siku. Lakini hoja ya kinga inadhoofika ikichunguzwa kwa karibu. Binti wa miaka 15 anayeingia katika nyumba ya mwanamume mwenye umri mkubwa, bila elimu ya kutosha na bila mali, hawezi kukataa, hawezi kudai, na mimba yake ya kwanza ina hatari kubwa zaidi kwa mwili wake kuliko ingekuwa miaka minne baadaye. Kuhusu dini, wanazuoni wengi wamekuwa wakitofautisha kati ya baleghe, yaani mwili kupevuka, na rushdi, yaani akili kukomaa kiasi cha kusimamia mambo yake, na nchi kadhaa zenye Waislamu wengi zimeweka umri wa miaka 18 bila kuiacha dini yao. Kenya, yenye waumini wa dini hizo hizo, iliweka miaka 18 katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Mimi ni miongoni mwa wanaotaka miaka 18 kwa wote, na nasema hivyo nikijua kwamba namba hiyo haitajaza yenyewe miaka mitatu itakayoongezeka.

Kwamba miaka hiyo inahitaji kujazwa kunaonekana wazi katika suala la mimba za wanafunzi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta kwamba asilimia 27 ya wasichana wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au ni wajawazito, na kwamba asilimia 31 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba waliowahi kupata mimba katika rika la 15 hadi 19 ni asilimia 22. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule chini ya kanuni za mwaka 2002 zilizotaja makosa dhidi ya maadili, na mwezi Juni 2017 Rais John Magufuli alitangaza hadharani kwamba wanaozaa hawatarudi darasani. Mwezi Novemba 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba wanaweza kurudi. Kenya ilikuwa imeruhusu tangu mwaka 1994. Kiini cha ubishi ule kilikuwa hiki: kama shule ndiyo inayomfanya mtu kuwa msichana, je, aliyezaa bado ni msichana? Kwa mila ya zamani jibu lilikuwa hapana, kwani aliyezaa ni mama na basi. Uamuzi wa mwaka 2021 ulisema kwamba mtu anaweza kuwa mama na bado akawa mwanafunzi mwenye miaka 15, jambo ambalo utaratibu wa mwali haukulijua.

Na mafundisho yenyewe yamekwenda wapi? Mtwara na Lindi unyago bado unachezwa, lakini umebanwa ndani ya likizo za Juni na Desemba, na mara nyingine wanaochezwa ni watoto wadogo wasiokaribia kuvunja ungo, kwa sababu wazazi wanataka kuwahi kabla ya masomo kuwa mazito au kabla fedha ya mavuno haijaisha. Mambo ambayo mwali wa zamani aliambiwa akiwa mwezi mmoja au miwili kabla ya kuolewa sasa yanaweza kuambiwa mtoto wa miaka tisa ambaye ana miaka mingine tisa ya kusubiri. Kungwi anayeendelea kufunda hivyo hajaharibika. Ni mpangilio wa wakati uliokuwa chini yake ndio uliovunjika. Mijini, upande mwingine, mafundisho yale yale yamesogezwa mbele hadi kwenye kicheni pati, ambako bibi harusi mwenye shahada na miaka 28 anakalishwa kwenye mkeka katikati ya ukumbi na kufundwa na somo aliyekodiwa. Kati ya mtoto wa miaka tisa na bibi harusi wa miaka 28 yupo binti wa miaka 14 aliyevunja ungo jana, ambaye hakuna aliyepewa zamu ya kuzungumza naye. Wakati mwingine hata kitambaa hana: Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2018 na kuirudisha mwaka uliofuata, kwa maelezo kwamba bei haikushuka madukani, ilhali Kenya mwaka 2017 ilipitisha sheria ya kuwapa bure wanafunzi wa kike.

Katika historia yote hii sauti za wasichana wenyewe ni adimu, na pale zinaposikika hazisemi kila mara tunalolitarajia. Mwaka 1956 Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru nchini Kenya, lilipiga marufuku ukeketaji kwa kushinikizwa na maofisa wa kikoloni. Wasichana wengi hawakukubali. Walinunua nyembe, wakaingia porini kwa makundi na kukeketana wenyewe kwa wenyewe, na kundi lao likaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri. Katika miaka mitatu zaidi ya watu 2,400, wasichana pamoja na wanaume na wanawake wazima, walishtakiwa kwa kuvunja marufuku hiyo. Ukeketaji ni madhara makubwa kwa mwili, umewaua wengine, na Kenya imeukataza kwa sheria kali ya mwaka 2011, nami sioni neno la kuutetea. Lakini wasichana wale hawakuwa wakitetea maumivu. Walikuwa wamefungiwa njia pekee waliyoijua ya kuhesabiwa kuwa watu wazima, na waliofunga hawakuwa wamefungua nyingine. Baadaye wanawake walilielewa hilo kuliko magavana. Mwaka 1996, huko Tharaka, wanawake wa chama cha Maendeleo ya Wanawake walisaidia kuanzisha utaratibu wa Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno, ambamo binti anawekwa ndani kwa siku kadhaa na kufundwa na mwanamke mzima aliye kama somo wake, kisha anatolewa kwa nyimbo, zawadi na sherehe, bila kisu. Walichukua sehemu ya mila iliyojua kumshika msichana mkono, wakaacha ile iliyomkata.

Wanabaki wale wasiokuwa shuleni, wasioolewa, na wasio na sherehe ya aina yoyote: mabinti wanaotoka Iringa, Singida, Dodoma na kwingineko kwenda Dar es Salaam na Arusha kuwa dada wa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi zisizodhuru afya wala masomo yake, na kazi ya ndani inapita kirahisi kwa jina hilo, ingawa anayeamka saa kumi na moja alfajiri na kulala wa mwisho hafanyi kazi nyepesi. Katika nyumba hiyo yeye si mtoto, kwa kuwa watoto wa mwenye nyumba ni rika lake na yeye ndiye anayewafulia. Wala si mtu mzima, kwa kuwa mshahara wake mara nyingi hutumwa kwa wazazi bila kupita mkononi mwake. Hakuna kesi iliyofika Mahakama ya Rufani kwa ajili yake, na mijadala ya umri wa ndoa humtaja kwa nadra, ilhali ndiye anayeonyesha vizuri zaidi kwamba kuchelewa kuolewa si sawa na kuwa na usichana.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10, kuanzia darasa la kwanza kwa mtoto wa miaka 6 hadi kidato cha nne. Ikitekelezwa kama ilivyoandikwa, binti atafungwa na wajibu wa kuwa shuleni hadi miaka 16 hivi, yaani mwaka mmoja baada ya umri wa kuolewa uliowekwa mwaka 1971 na miaka miwili baada ya ule ambao sheria ya ajira inamruhusu kufunga mizigo kwenda kufanya kazi kwenye nyumba ya watu, na wabunge watalazimika kuchagua ni ipi kati ya namba hizo tatu ibaki.